Nguvu za Askari wa Makamo: Tuache Aibu, Tuende kwa Daktari

Katika kila kambi, iwe ya jeshi au ya polisi, yapo maradhi ambayo askari huyataja mbele ya wenzake bila haya. Malaria hutajwa, jeraha la mguu hutajwa, hata tumbo la kuendesha hutajwa kwa kicheko. Lakini liko tatizo moja ambalo mtu aliyevuka miaka arobaini hulibeba peke yake, akilificha kwa daktari, kwa rafiki na hata kwa mkewe. Tatizo hilo ni kupungukiwa na nguvu za mwanamume: hamu ya unyumba hufifia, mwili huchoka kabla ya kazi, misuli hulegea, na hasira au huzuni huja bila sababu ijulikanayo. Leo tumeona vema kulizungumza jambo hili waziwazi na kwa lugha ya heshima, maana wahenga walikwisha kutuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Hatusemi haya kwa kumchekesha mtu. Askari anayeamini kwamba uanaume wake umekwisha hutafuta wa kumlaumu. Mmoja humshuku mkewe, mwingine hudhani amerogwa na jirani, na mwingine hujitumbukiza katika pombe. Nyumba huvunjika, mshahara huishia kwa wauza dawa wa barabarani, na maradhi yenyewe, ambayo mara nyingi yangetibika, huendelea kukua kimya kimya. Kwa hiyo jambo hili si la chumbani tu. Ni jambo la afya, la nidhamu na la utayari wa kikosi.

AMRI INAVYOSHUKA MWILINI

Mwili wa mwanamume una utaratibu wa amri ambao askari yeyote ataufahamu upesi. Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi na kuchukuliwa na damu kwenda kufanya kazi mahali pengine mwilini. Homoni kuu ya kiume huitwa testosteroni, nayo hutengenezwa hasa katika korodani. Lakini korodani hazijiamulii kazi. Ndani ya ubongo iko sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo twaweza kuifananisha na makao makuu. Makao makuu hutoa amri kwa tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na pituitari nayo hutuma ujumbe kwa njia ya damu hadi korodani. Homoni ikiisha kutosha, taarifa hurudi juu, na makao makuu hupunguza amri.

Testosteroni ina kazi nyingi. Hujenga misuli, huimarisha mifupa, huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, huleta hamu ya unyumba, na husaidia kutengeneza mbegu za uzazi. Ndiyo sababu inapopungua kweli kweli, dalili hazionekani mahali pamoja tu.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1849 mtaalamu Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, aliwahasi majogoo wachanga. Wale waliorudishiwa korodani, hata zilipopandikizwa mahali pengine tumboni, walikua na kilemba na kuwika kama majogoo wengine. Mwaka 1889 tabibu Charles-Édouard Brown-Séquard, akiwa na umri wa miaka 72 huko Paris, alijidunga maji yaliyokamuliwa katika korodani za wanyama, akatangaza kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Leo yajulikana kwamba maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya kazi hiyo. Kilichomtia nguvu mzee yule ni imani yake mwenyewe. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur huko Amsterdam lilifaulu kuitoa testosteroni safi katika korodani za mafahali, na mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ružička wakaweza kuitengeneza katika maabara. Wawili hao walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939.

Kisa cha Brown-Séquard chafaa kukumbukwa na kila askari anayesimama mbele ya muuza mizizi katika mitaa ya Kampala. Mtu aweza kujisikia amepata nguvu kwa sababu tu ameamini, huku ugonjwa wake ukiwa pale pale ulipokuwa.

UMRI PEKE YAKE HAUMWANGUSHI MTU

Ni kweli kwamba testosteroni hupungua kadiri miaka inavyosonga. Baada ya mwanamume kupita miaka thelathini hadi arobaini, hupungua kwa kiasi cha asilimia moja hivi kwa mwaka. Upungufu huo ni wa polepole, wala haufanani na ule wa mwanamke anayekoma hedhi. Wanaume wengi hufika uzeeni wakiwa na kiasi kinachowatosha.

Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi nane za Ulaya, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2010, uliwapima wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Wataalamu waliona kwamba dalili tatu ndizo zilizofungamana hasa na upungufu wa homoni hiyo: uume kutosimama alfajiri kama zamani, mawazo ya unyumba kupungua, na uume kushindwa kusimama wakati wa tendo lenyewe. Wanaume waliokuwa na dalili hizo tatu pamoja na upungufu uliothibitishwa kwa kipimo cha damu walikuwa kama wawili tu katika kila mia.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wanaolalamika kuchoka na kupungukiwa ni wengi, lakini wenye upungufu halisi wa homoni kwa sababu ya umri ni wachache. Hao wengine wana adui mwingine aliyejificha, na ni juu yao kumtafuta huyo adui badala ya kupiga risasi gizani.

ADUI ANAPOJIFICHA

Adui wa kwanza ni kitambi. Kijana aingiapo jeshini hukimbia kila asubuhi, lakini akiisha kupanda cheo na kupewa meza, mbio humwisha na muchomo humzidi. Mafuta ya tumbo hayakai bure. Yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, na unene wa kupita kiasi hudhoofisha amri zinazotoka katika ubongo. Habari njema ni kwamba mtu akipunguza uzito, homoni yake yaweza kupanda tena bila dawa yoyote.

Adui wa pili ni kisukari na shinikizo la damu, ndugu wawili wanaotembea pamoja na kitambi. Uume husimama kwa sababu damu huingia ndani yake kwa wingi. Mishipa ya damu ikiharibika, kazi hiyo hushindikana hata kama homoni inatosha. Tena mishipa ya sehemu hiyo ni myembamba kuliko ile ya moyo, na kwa hiyo huziba mapema zaidi. Askari anayeona kasoro hiyo leo huenda anapewa onyo la maradhi ya moyo yatakayokuja baada ya miaka kadhaa. Akilinyamazisha onyo hilo kwa kidonge cha barabarani, amemwua mlinzi aliyepiga kelele langoni.

Adui wa tatu ni kukosa usingizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza mwaka 2011 jinsi walivyowapunguzia vijana kumi wenye afya usingizi hadi saa tano kwa usiku kwa muda wa juma moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Ikiwa vijana hupungukiwa hivyo kwa juma moja, tufikirie polisi anayepangwa zamu ya usiku mwezi baada ya mwezi. Wako pia watu wanene wanaokoroma sana na kukatika pumzi usingizini. Hao hulala saa nane lakini huamka wamechoka kana kwamba walikuwa doria.

Majeshi ya nchi nyingine yamekwisha kulipima jambo hili. Katika mafunzo ya Ranger ya Jeshi la Marekani, yanayochukua karibu miezi miwili ya njaa, usingizi mchache na kazi ngumu, vijana wenye nguvu kabisa walionekana wakishuka hadi kuwa na testosteroni kama ya mtu aliyehasiwa. Walipokula na kulala tena, homoni ilipanda. Uchunguzi wa makadeti wa jeshi la Norway, waliofanyishwa mazoezi ya siku chache karibu bila kulala wala kula, ulionyesha mporomoko wa namna hiyo hiyo. Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti twakumbuka majuma ambayo hata wimbo wa mapenzi haukumgusa mtu. Kila mmoja aliwaza ugali na kitanda. Ule haukuwa uchawi. Mwili uliokuwa vitani na njaa ulikuwa umeahirisha shughuli nyingine.

Adui wa nne ni pombe na dawa. Waragi inyweayo kila siku kwa miaka huziumiza korodani na ini pia. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vidogo mwaka 2019, lakini anayetaka kulewa bado hupata chupa. Dawa kali za kutuliza maumivu, kama zile za jamii ya afyuni, hunyamazisha amri za ubongo zikitumiwa kwa muda mrefu. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za huzuni nazo huweza kupunguza nguvu. Askari anayeshuku dawa yake asiiache kwa siri, bali amwombe daktari ambadilishie.

Yako na maradhi mengine: virusi vya Ukimwi, matubwitubwi yaliyoshuka hadi korodani, jeraha la bomu au risasi sehemu za chini, na uvimbe katika tezi ya pituitari. Wala tusisahau majeraha yasiyoonekana. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia, ambako mtu huishi miezi mingi mbali na mkewe, akisikia milipuko na kuwazika wenzake. Arudipo nyumbani huenda mwili wake ni mzima, ila moyo haujarudi. Ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni huua hamu ya unyumba kama risasi iuavyo ndege. Huyu hahitaji sindano ya homoni, bali mshauri, mapumziko na subira ya watu wake.

BIASHARA YA BARABARANI

Mtu apitaye karibu na vituo vya teksi vya Kampala ataona wachuuzi waliobeba vifungu vya mizizi ya mulondo. Mzizi huo umetafunwa katika nchi yetu tangu zama za wazee, na harufu yake tamu yajulikana na wengi. Sisi hatudharau miti ya asili. Lakini mzizi unaotafunwa hauwezi kupima sukari ya mtu, wala kuufungua mshipa wa moyo uliozibwa na mafuta.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika unga na vidonge viuzwavyo kwa jina la dawa za miti shamba. Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda imekwisha kuwaonya wananchi kwamba baadhi ya dawa hizo huchanganywa kwa siri na sildenafili, yaani dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Sildenafili ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, lakini mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akiichanganya nazo, shinikizo lake la damu laweza kuanguka ghafula akafa. Huyo aliyenunua unga asijue kilichomo, atajilindaje?

Kadhalika wako vijana na watu wazima wanaojidunga sindano za kutunisha misuli katika nyumba za mazoezi. Sindano hizo ni testosteroni au jamaa zake. Hapa tuukumbuke utaratibu wa amri. Homoni ikiingizwa kutoka nje, makao makuu huona kwamba imejaa, nayo huacha kutoa amri. Korodani zikikosa amri husinyaa, na mbegu za uzazi hupungua au hutoweka kabisa. Mtu huonekana nje kama simba, ilhali ndani amejifungia mlango wa uzazi. Akiacha sindano ghafula, aweza kukaa miezi mingi akiwa mnyonge kuliko alivyokuwa kabla ya kuanza.

NJIA YA HAKI

Tuseme yupo sajini mwenye umri wa miaka arobaini na minane. Mwaka mzima amechoka, kiuno chake kimepanuka, na chumbani mambo hayaendi. Afanye nini?

Kwanza, ajiandikishe kwa daktari wa kikosi kama anavyojiandikisha kwa homa. Hana haja ya kueleza mambo yake mbele ya foleni. Aseme tu, "Daktari, naomba tuzungumze faraghani." Daktari atamwuliza juu ya usingizi, pombe, dawa anazotumia, ndoa yake, na kama uume husimama alfajiri. Swali hili la mwisho si utovu wa adabu. Ikiwa husimama alfajiri na kushindwa usiku tu, mara nyingi wasiwasi wa moyo una sehemu kubwa. Ikiwa hausimami wakati wowote, mishipa, neva au homoni hushukiwa zaidi.

Pili, apimwe shinikizo la damu, sukari, uzito na kiuno. Vipimo hivi ni vya bei nafuu, na mara nyingi jibu hupatikana hapo hapo.

Tatu, dalili zikielekea kwenye homoni, apimwe testosteroni. Kipimo hicho kina sheria zake. Damu hutolewa asubuhi, kabla ya saa nne na kabla ya kula, kwa kuwa homoni hiyo hupanda asubuhi na kushuka jioni. Polisi aliyetoka zamu ya usiku amweleze daktari, maana saa ya mwili wake imegeuka. Asipimwe akiwa na malaria au ugonjwa mwingine mkali, kwa sababu ugonjwa huishusha homoni kwa muda. Tena kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa siku nyingine. Madaktari wa Marekani wa njia ya mkojo huhesabu kwamba kiasi kilicho chini ya nanogramu 300 kwa desilita ni pungufu, ingawa maabara hutofautiana. Kikithibitika, hupimwa pia homoni za pituitari ili kujua kama kasoro imo katika korodani au katika makao makuu. Hospitali za jeshi za Bombo na Mbuya, na Hospitali ya Mulago, ndizo ngazi za juu ambazo daktari wa kikosi aweza kumwelekeza.

Nne, matibabu yafuate ugonjwa. Mwenye kitambi apunguze uzito, atembee, ainue vitu vizito mara kadhaa kwa juma, na apunguze pombe na sigara. Mwenye kisukari atibiwe kisukari. Yule ambaye upungufu wake umethibitishwa kweli, kwake testosteroni ni dawa halali, iwe kwa sindano au kwa mafuta ya kupaka.

Hata hivyo asitazamie miujiza. Majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 2016, kwa wanaume 790 wenye miaka 65 na zaidi waliopungukiwa, yalionyesha kwamba hamu na uwezo wa unyumba viliongezeka kwa kiasi, lakini uchovu haukuondoka kama walivyotumaini. Jaribio jingine la mwaka 2023, lililowahusu wanaume zaidi ya 5,000 wenye miaka 45 hadi 80 ambao mioyo yao ilikuwa hatarini, lilionyesha kwamba dawa hiyo haikuongeza mshtuko wa moyo wala kiharusi kuliko dawa bandia, ila matatizo ya mapigo ya moyo na ya damu kuganda mapafuni yalizidi kidogo. Ndiyo sababu anayetibiwa hupimwa mara kwa mara wingi wa chembe nyekundu za damu na hali ya tezi dume. Mwenye saratani ya tezi dume hapewi, na anayetaka mtoto hivi karibuni aseme mapema, ili atafutiwe njia nyingine.

WAJIBU WA WAKUBWA NA WA NYUMBANI

Wakuu wa vikosi wana sehemu yao. Askari hatafungua kinywa ikiwa ajua kwamba siri yake itafika kwenye mesi kabla yake. Mganga wa kikosi alinde siri kama ailindavyo funguo za ghala la silaha. Ratiba za zamu zipangwe hivi kwamba mtu apate usiku wa kulala baada ya siku za kukesha, na mazoezi ya mwili yasiwe ya makuruta peke yao. Meja na inspekta nao wana matumbo.

Kina mama wa kota nao tunawaomba kwa heshima. Mume aliyenyamaza na kugeukia ukutani si lazima awe amepata nyumba nyingine. Huenda anaogopa. Neno la upole, na shauri la kwenda pamoja kwa daktari, hujenga zaidi kuliko maneno ya kupekuana. Mume naye ajue kwamba kumwambia mkewe ukweli si kujishusha. Mke aliyekaa kota miaka ishirini amekwisha kuyaona makubwa kuliko hayo.

Sisi tuandikao bado hatujaifikia miaka arobaini, na huenda wakubwa wetu wakasema kwamba mtoto hawezi kuwafundisha wazee njia ya kisimani. Lakini kila aliye na miaka thelathini leo yumo katika safari ile ile, na kitambi huanza kushonwa mapema. Silaha hukaguliwa kila siku, hata ile isiyo na kasoro, kwa kuwa kasoro igunduliwayo katika mapambano huwa imechelewa. Mwili wa askari ni silaha ya kwanza aliyopewa, wala ghala halina nyingine ya kumbadilishia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi afande aliyechoka, na konstebo aliyenyamaza, kesho asubuhi ajiandikishe kwa daktari, kabla hajaonja kitu.